Kumpeleka Mzazi Kwenye Safari Rally ya Naivasha Kutoka Dodoma: Mwongozo Kamili

Safari Rally ni mashindano ya magari ambayo wazee wengi wa Tanzania waliyajua kwa kusikia kabla hawajawahi kuyaona. Yalianza mwaka 1953 yakiitwa East African Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na kwa miaka mingi njia yake ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, mchana na usiku, katika barabara zilezile zilizotumiwa na mabasi, malori na makundi ya ng'ombe. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari Rally, na mwaka 1974 maneno East African yakaondolewa. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, akiendesha Peugeot 404 pamoja na msoma ramani wake Chris Rothwell. Mashindano yaliingia katika ubingwa wa dunia mwaka 1973, yakatoka baada ya mwaka 2002, na yakarejea mwaka 2021 makao yake yakiwa Naivasha, katika Bonde la Ufa nchini Kenya.

Kwa hiyo mkazi wa Dodoma, Kondoa, Manyoni au Singida mwenye baba au mama anayezikumbuka zama hizo ana nafasi ya kumpa safari ya maana, na safari yenyewe inawezekana kwa barabara ya lami tangu mlangoni hadi Naivasha. Hata hivyo, ni safari ndefu, yenye vumbi, baridi, misongamano na kusimama kwa saa nyingi, na mtu wa miaka sabini haivumilii kama kijana wa miaka ishirini na mitano. Msimamo wangu katika mwongozo huu ni mmoja: ratiba ianze na mzazi, magari yafuate. Mzazi atakayeona sehemu moja tu kwa siku akiwa ameketi vizuri atarudi ameona mashindano, na mzazi atakayekimbizwa sehemu tatu kwa siku moja atarudi ameona foleni na vumbi.

Hatua ya kwanza: jua anachotaka kuona

Kabla ya kulipia chochote, kaa na mzazi umuulize anakumbuka nini. Yupo atakayetaja Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Yupo atakayemtaja Shekhar Mehta, mshindi wa mara tano, aliyechukua ushindi wa mwaka 1973 kisha ule wa mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mwingine atakuambia habari za mwaka 1963 na 1968, mvua ilipoyamaliza magari hata yakafika saba tu mwisho wa njia. Mazungumzo haya ndiyo yatakayokuonyesha kama anachopenda ni mwendo wa gari, ufundi wa injini, au shamrashamra za watu, na kila jibu lina mahali pake Naivasha.

Mweleze pia mapema kwamba mashindano yamebadilika, ili asije akafadhaika huko. Safari ya zamani ilizidi kilomita 5,000 katika miaka mingi, barabara hazikufungwa, na dereva alipewa adhabu ya dakika kwa kuchelewa kituoni. Siku hizi sehemu za mashindano, ambazo Wakenya huziita mikondo, hufungwa kwa magari mengine, zote kwa jumla huwa kilomita mia tatu na zaidi, na kila gari hupimwa muda wake peke yake. Gari la kwanza kupita mbele yenu halimaanishi kwamba ndilo linaloongoza. Mzazi akilielewa hilo nyumbani, ataweza kufuatilia. Asipolielewa, ataona magari yanapita tu.

Ikiwa anachopenda hasa ni Datsun 240Z, Ford Escort na magari mengine ya ujana wake, mfahamishe kwamba yapo pia mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003 kwa ajili ya magari ya zamani, na baadhi ya njia zake zimewahi kupita Tanzania. Huenda hayo ndiyo yatakayomgusa zaidi, na si vibaya kumwachia achague mwenyewe.

Kama ana wasiwasi na kelele au umati, mjaribu kwanza karibu na nyumbani. Mbio za magari za ubingwa wa taifa zimekuwa zikifanyika Morogoro, Tanga na Arusha, na Morogoro ni mwendo wa asubuhi moja kutoka Dodoma. Siku moja huko itakuonyesha anaweza kukaa juani kwa muda gani, anahitaji choo mara ngapi, na kama vumbi linamletea kikohozi.

Hatua ya pili: afya

Sehemu hii naipa uzito kuliko nyingine zote. Mpeleke mzazi hospitali walau miezi miwili kabla ya safari, iwe Hospitali ya Benjamin Mkapa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au kwa daktari anayemtibu siku zote, apimwe presha, sukari, moyo na macho. Wazee wengi hawapendi kuambiwa kwamba afya yao ndiyo itakayoamua safari, kwa hiyo chagua maneno. Ukisema, "Baba, daktari anataka aone presha yako kidogo kabla hatujavuka mpaka," atakwenda kwa moyo mweupe kuliko ukimwambia kwamba unahofia atazidiwa njiani.

Muulize daktari waziwazi kuhusu mambo matatu. La kwanza ni mwinuko. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ilhali Naivasha inakaribia mita 1,900, na barabara ya kupitia Limuru hupanda juu zaidi ya hapo kabla ya kushuka. Kwa mtu mzima wa afya si tatizo, lakini mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu anapaswa kupata ushauri. La pili ni kukaa muda mrefu ndani ya gari, jambo linaloweza kusababisha damu kuganda miguuni. La tatu ni vumbi. Udongo wa sehemu kadhaa za Naivasha ni laini kama unga, madereva huuita fesh-fesh, na ukishatimuliwa na magari huelea hewani kwa dakika kadhaa. Mwenye pumu asiende bila pampu yake na ya akiba.

Kuna pia suala la chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo miongoni mwa nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo maofisa wa afya mpakani wanaweza kudai cheti, hasa mnaporudi Tanzania. Chanjo huchomwa angalau siku kumi kabla ya safari, na tangu mwaka 2016 cheti chake kinatambuliwa kwa maisha yote, hivyo kama mzazi alichanjwa zamani kwa safari nyingine na kadi bado ipo, haina haja ya kurudiwa. Lakini kwa mtu wa miaka sitini na zaidi anayechanjwa kwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makali ni kubwa kuliko kwa vijana. Usimpeleke dirishani achomwe kama wewe unavyochomwa. Daktari aamue kwanza, na akiona haifai, aandike hati rasmi ya msamaha wa kitabibu ambayo mtaionyesha mpakani.

Dawa zibebwe katika pakiti zake za asili pamoja na karatasi ya daktari, kiasi cha siku zote za safari na wiki moja ya ziada, na zigawanywe katika mikoba miwili ili mmoja ukipotea mwingine ubaki. Kadi ya bima ya afya ya nyumbani haitawasaidia Kenya, kwa hiyo nunua bima ya safari inayotaja umri wa mzazi na magonjwa aliyonayo. Soma masharti yake yote, kwa sababu baadhi ya bima hukataa kugharimia ugonjwa uliokuwapo kabla.

Hatua ya tatu: hati za mtu na za gari

Raia wa Tanzania haombi viza wala idhini ya mtandaoni ili kuingia Kenya, lakini kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi. Mzazi anahitaji pasipoti. Maombi hufanyika katika mfumo wa mtandao wa Idara ya Uhamiaji na kukamilishwa ofisini kwao, na ada ya pasipoti ya kielektroniki ni Sh150,000. Kwa wazee, kinachochelewesha mara nyingi ni cheti cha kuzaliwa. Waliozaliwa vijijini miaka ya 1940 na 1950 wengi hawana, na huhitaji kiapo cha kuzaliwa, ambacho majina yake lazima yafanane herufi kwa herufi na yale ya NIDA. Anza shughuli hii miezi minne kabla. Muda ukiwa umebana, Uhamiaji pia hutoa hati ya dharura ya kusafiria inayotumika ndani ya Afrika Mashariki.

Gari nalo lina makaratasi yake: kadi halisi ya usajili, leseni ya dereva, bima iliyoongezewa Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ndiyo inayofunika ajali upande wa Kenya, na kibali cha muda cha forodha kinachotolewa mpakani. Kama gari si lako, bebeni barua ya idhini ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili. Weka kadi ya bima na kadi ya chanjo katika bahasha mbili tofauti zilizoandikwa juu kwa herufi kubwa, maana zote mbili ni za njano, na kupekua mikoba dirishani huku mzee amesimama nyuma yako ni kumchosha bure.

Hatua ya nne: njia

Kutoka Dodoma hadi Naivasha ni karibu kilomita 800, na napendekeza ziendwe kwa siku mbili kamili. Yapo magari yanayoimaliza njia hiyo kwa siku moja, lakini si yenye mzazi ndani.

Siku ya kwanza ni Dodoma hadi Arusha, karibu kilomita 420, kupitia Kondoa na Babati. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na ndiyo iliyoufanya mwongozo huu uwezekane, kwani kabla ya hapo mtu wa Dodoma alilazimika kuzunguka kupitia Singida, au Morogoro na Chalinze, au kupambana na barabara ya vumbi. Ondokeni alfajiri. Vilima vya Kondoa kuelekea Bereko vina kona nyingi, na mzazi anayechefuka akae mbele. Simameni kila baada ya saa mbili, hata kama hajaomba, atembee dakika kumi na kunyoosha miguu. Wazee wetu wana tabia ya kujinyima maji ili wasimsumbue mtoto kwa kusimamasimama, na wanaotumia dawa za presha zinazoongeza haja ndogo wana sababu zaidi ya kujinyima. Dawa yake ni kutaja vituo kabla ya kuondoka: tutasimama Kondoa, Babati, Makuyuni, kisha Arusha. Akijua choo kipo wapi, atakunywa maji.

Wakati ukiruhusu, Kolo iko njiani, na michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini kuifikia ni kupanda mawe, kwa hiyo mwenye magoti mabovu msimpandishe.

Siku ya pili ni Arusha hadi Namanga, karibu kilomita 110, kisha Nairobi na Naivasha. Namanga kuna kituo cha pamoja cha mpakani, ambako maofisa wa nchi zote mbili wako katika jengo moja, hivyo mzazi anateremka mara moja tu. Mwombe ofisa kwa adabu amhudumie mzee kwanza. Mara nyingi hukubali. Mkiikaribia Nairobi, msiingie katikati ya jiji. Kutoka barabara ya Mombasa shikeni barabara ya mchepuko ya kusini, ile inayopita kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, hadi Kikuyu, mkaungane na barabara ya Nakuru. Hapo mtachagua kati ya njia mbili: ya juu kupitia Limuru na Kinungi, au ya chini kupitia Mai Mahiu. Ya chini ina mandhari ya kupendeza sana, lakini mteremko wake ni mkali na umejaa malori. Mimi ningepita ya juu, tena mchana, kwani asubuhi na jioni ukungu ni mwingi, na ningemwambia mzazi avae sweta kabla ya kufika Limuru.

Gari lenyewe lifanyiwe ukaguzi na fundi anayeaminika wiki mbili kabla: breki, shokapu, tairi pamoja na spea, betri na mkanda wa feni. Wasio na gari watapanda basi la Arusha kutoka stendi kuu ya Nanenane, walale Arusha, wachukue magari madogo ya abiria yanayokwenda Nairobi, kisha waendelee kwa matatu, yaani daladala za Kenya, au gari la kukodi. Mzazi asiyeweza kukaa garini muda huo wote apande ndege kupitia Dar es Salaam hadi Nairobi, abakize saa mbili tu za barabara.

Hatua ya tano: malazi

Tangu mwaka 2024 mashindano yamehamishiwa mwezi Machi, baada ya kufanyika Juni kati ya 2021 na 2023. Thibitisha tarehe za mwaka wako mara tu zinapotangazwa, kwa sababu vyumba vya Naivasha hujaa miezi mingi kabla na bei hupanda mno. Machi pia mara nyingi huangukia Kwaresima, na katika miaka hii ya karibuni Ramadhani. Kwa mzazi anayefunga, uliza hoteli mapema kama wanaandaa daku na futari, na daktari aseme kama afunge akiwa safarini.

Hoteli na kambi nyingi ziko kando ya barabara ya kusini ya ziwa. Wiki ya mashindano eneo hilo hugeuka uwanja wa muziki, na baadhi ya kambi hupiga ngoma hadi alfajiri. Kijana atafurahi, mzee hatalala. Tafuta nyumba ya wageni iliyo mbali na kambi hizo, au lala Gilgil au Nakuru. Wengi huona Nakuru ni mbali, lakini mikondo ya Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior iko upande huo, na katika ratiba za miaka iliyopita hiyo ndiyo imekuwa mikondo ya Jumamosi. Anayelala Gilgil siku ya Jumamosi yuko karibu na magari kuliko anayelala Naivasha mjini. Dai chumba cha chini chenye maji ya moto na blanketi mbili, kwa kuwa usiku wa Naivasha si usiku wa Dodoma.

Hatua ya sita: chagua pa kutazamia

Ratiba ya kawaida tangu mashindano yarudi imekuwa na mikondo ya kuzunguka Ziwa Naivasha siku ya Ijumaa, upande wa Elmenteita Jumamosi, na Malewa, Oserengoni na Hell's Gate Jumapili, Hell's Gate ikiwa ya kufungia. Waandaaji hubadilisha mikondo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo fuata ratiba na ramani rasmi ya watazamaji ya mwaka husika.

Jambo litakalokusaidia kuliko yote ni hili: mikondo mingi hukimbiwa mara mbili kwa siku, asubuhi na mchana. Badala ya kumhamisha mzazi, chagueni sehemu moja, mkae, mtazame mara ya kwanza, mle, mzee ajinyooshe ndani ya gari au kivulini, kisha mtazame mara ya pili. Tena kuna utamu wake. Asubuhi barabara ina mchanga uliolala, na gari la kwanza huwafagilia njia wanaofuata, hivyo wa mbele hupoteza muda. Mchana tairi zimeshachimba mitaro, mawe yamefukuka, na gari lililopita salama asubuhi linaweza kuvunjika palepale. Mwaka 2021 Thierry Neuville alikuwa akiongoza hadi siku ya mwisho, shokapu ya Hyundai yake ikavunjika, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier wa Toyota. Mzazi aliyeona barabara asubuhi ataelewa mchana kwa nini mashindano haya huogopwa.

Eneo lenyewe liwe ni sehemu rasmi ya watazamaji yenye vyoo, askari na gari la wagonjwa. Liwe juu ya usawa wa barabara, upande unakotoka upepo, ili vumbi liende kwa wengine. Usimweke mzazi upande wa nje wa kona, kwani huko ndiko gari linakotokea likikosea. Msikae bondeni chini ya barabara, wala mahali ambapo hamna pa kukimbilia. Mzee hakimbii, hivyo umbali na kimo ndiyo kinga yake. Egesheni gari likiwa limeelekea njia ya kutokea. Barabara hufungwa saa kadhaa kabla ya gari la kwanza, kwa hiyo muwe mmeshafika na mmeketi.

Siku yenyewe

Bebeni kiti cha kukunja chenye mgongo na mikono, maana kigoda kitamuumiza kiuno. Bebeni mwavuli mkubwa, kofia pana, koti la mvua, mabuti, shuka au blanketi, barakoa kadhaa, miwani ya kuzuia vumbi, vizibo vya masikio, na darubini kama ipo. Chakula kiwe kile alichokizoea, na chai iwe katika chupa ya chai. Mwenye kisukari asisubiri nyama choma ya vibandani, ambayo huweza kuchelewa saa mbili. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, na chupa za plastiki za kutupwa haziruhusiwi ndani ya hifadhi tangu 2020, jambo linalohusu Hell's Gate moja kwa moja. Maji yawe katika chupa za chuma. Uliza pia mapema kama eneo mlilochagua lina kiingilio.

Mtajua mashindano yanakaribia yatakapopita magari ya ukaguzi, yenye namba 000, 00 na 0, yakipiga ving'ora ili watu watoke barabarani. Kisha hutangulia sauti ya helikopta. Baada ya hapo ukimya mfupi, na ghafla mtasikia injini ikikata gia nyuma ya kilima kabla hamjaona kitu. Gari hutokea likiteleza kiubavu, mawe yakigonga chini yake kwa mlio wa bati, na bomba la kuvutia hewa likiwa limeinuliwa kando ya kioo cha mbele ili lisimeze vumbi na maji. Linapita kwa sekunde chache. Yafuatayo hupishana kwa dakika kadhaa, na katika nafasi hiyo ndipo mzazi huuliza maswali yake. Mpe daftari na kalamu, aandike namba ya kila gari, nawe umsomee muda kutoka kwenye simu. Wazee waliowahi kufuatilia matokeo redioni hupenda sana kazi hii.

Msiondoke magari ya wakubwa yakishapita. Nyuma yao huja madereva wa Kenya na wa nchi jirani, wengine kwa magari ya miaka mingi, na umati huwashangilia kwa majina. Subirini hadi gari la kufunga njia lipite, kisha subirini tena saa nzima mkinywa chai. Kuingia kwenye foleni ya kutoka mapema hakuwafikishi mapema.

Eneo la matengenezo

Kama mzazi amewahi kuwa fundi, dereva wa lori au mtu wa gereji, mpangie jioni moja katika eneo la matengenezo lililoko Naivasha. Kwa maoni yangu hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote kwa mtu mzima, kwani ardhi ni tambarare, kuna vyoo, na kinachotazamwa kiko karibu. Gari hurudi jioni limejaa matope, na mafundi wana dakika 45 tu za kulirekebisha. Hunyanyuliwa, magurudumu yote manne hutoka kwa pamoja, mmoja yuko chini ya giaboksi, mwingine anasafisha radieta, wa tatu anashika saa, na hakuna anayempigia mwenzake kelele. Wakichelewa kulitoa, dereva huadhibiwa kwa kuongezewa muda. Simameni mapema kwenye kamba, mzee awe mbele na kiti chake, na mwachie atazame gari moja tu mwanzo hadi mwisho.

Fedha na mawasiliano

Badilisheni fedha katika maduka yenye leseni Arusha au Namanga, wala si kwa watu wanaozunguka na mabunda mkononi. Nunua laini ya simu ya Kenya kwa pasipoti yako, kwa sababu biashara nyingi huko hulipwa kwa M-Pesa. Mzazi aweke mfukoni karatasi yenye jina lake, namba yako, jina la hoteli, dawa anazotumia na aina ya damu, na mkubaliane mahali pa kukutana mkipotezana, maana mtandao hulemewa watu wanapokuwa wengi.

Kurudi

Mashindano huisha Jumapili mchana. Msianze safari jioni hiyo. Barabara ya Nairobi hujaa na madereva wengi wamechoka, wengine wamelewa. Laleni, mwondoke Jumatatu asubuhi, mlale Arusha, na Jumanne mfike Dodoma. Namanga mtapitia tena dirisha la afya, kwa hiyo bahasha ya chanjo iwe juu ya mkoba. Hakikisheni pia kibali cha muda cha gari kimefungwa na forodha ya Kenya, kwani kisipofungwa kitawasumbua siku mtakayotaka kuvuka tena.

Nyumbani, mpimeni mzazi presha na sukari kwa siku tatu mfululizo. Mguu mmoja ukivimba au ukiuma kuliko mwingine, au akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na daktari aelezwe alikotoka. Kikohozi cha vumbi kisichopungua ndani ya wiki moja nacho kikachunguzwe.